Droo ya Saba

Ghorofa ya chini, jumba la makumbusho, Dundee.
Huko juu mvua ya mto Tay inapita kwa ubavu,
mvua isiyoanguka bali inayotembea.
Humu unyevu ni asilimia hamsini na mbili;
naandika daftarini, naandika na saa, natia sahihi.
Nalipwa ili karatasi isizeeke haraka kuliko mimi.

Isla Geddes anavuta droo ya saba
taratibu, kama anayemfunua mtoto aliyelala.
Washairi watano, wanawake wa kasri la Japani,
waliochorwa karne nyingi baada ya kuzikwa
na mtu ambaye hakumwona hata mmoja.
Nguo juu ya nguo juu ya nguo:
nahesabu pindo kwenye mkono mmoja, kumi, kumi na moja,
zambarau iliyochujuka ikawa chai ya maziwa.
Macho ni nyuzi mbili. Mdomo, punje ya komamanga.
Na kando ya kila kichwa shairi lake,
herufi zikiteremka kama maji kwenye kioo.

Huyu, asema Isla, alitunga mpenzi asipokuja.
Huyu, mpenzi alipokuja akaondoka mapema mno.
Huyu sijui, wino umeliwa na wadudu.
Na huyu?

Wa tano ametupa kisogo.
Hana uso. Ana nywele tu,
zinashuka mgongoni, zinavuka nguo zote,
zinafika sakafuni na bado zinaendelea.
Yasemekana alikuwa mzuri hata mchoraji akaogopa kumkosea.
Au alikuwa mvivu, asema Isla, anacheka,
pumzi yake ameigeuzia pembeni isiguse karatasi.

Mimi sikucheka.
Nyumbani kwangu, ndani ya bahasha ya bima ya gari,
ipo picha moja tu ya bibi yangu, Bi Mwanatenga wa Vanga.
Mpiga picha wa harusi alipobonyeza
yeye aligeuka kumwita mtu wa chai.
Kwa hiyo ni buibui, kisogo, na mkono hewani.
Mashairi yake wanaume waliyasoma hadharani:
"Mtunzi ni fulani," wakasema, wakapigiwa makofi.
Fulani yuko uani, anapepeta.

Hili moja halikuibwa. Nadhani waliliogopa:

    Umechelewa kurudi, wali wote ni ukoko,
    Piga hodi, piga hodi, mlango ni mali yako,
    Moyo wangu mkaidi, haujui jina lako,
    Lala na yako ahadi, barazani, peke yako.

Nikamtafsiria Isla. Ukoko ulinishinda,
nikasema "chakula kilichokasirika chini ya sufuria."
Akaniambia hawa nao walikuwa wakihesabu:
tano, saba, tano, saba, saba.
Kumbe mizani!
Kumbe na wao walikaa usiku, kidole gumba
kikipanda pingili za vidole vingine,
wakitupa neno zuri kwa sababu limezidi silabi moja.
Bibi alihesabu hivyo hivyo, huku mkono wa pili ukikoroga.

Saa ya mwanga imekwisha. Wiki nane za kutazamwa,
kisha miaka mitano ya giza; ndiyo kanuni ya wino.
Droo inarudi. Nywele ndizo za mwisho kuingia.

Nabaki na daftari la unyevu.
Chini ya asilimia hamsini na mbili naandika:

    Mvua Dundee
    imenipiga kofi
    nikacheka tu.
    Nilidhani ni wewe
    umechelewa tena.

Nahesabu kwa pingili. Thelathini na moja,
au thelathini na mbili, inategemea
unauvuta vipi mkia wa jina la mji huu.
Bibi angenituma nikaanze upya.

Kesho asubuhi Isla atafungua ukurasa
kutafuta unyevu ulikuwa ngapi.